NYUKI SEREMALA: KUMTAMBUA, KUMPANGA KWA JINA NA KUMWEKA KATIKA RAMANI YA KATA

Wakazi wengi humjua mdudu huyu kwa mvumo wake kabla ya kumjua kwa sura. Ni mkubwa, mweusi, mwenye kishindo cha mabawa kinachosikika hatua kadhaa. Huzungukazunguka penye kenchi na mapao ya paa, hutoboa tundu la mviringo kama lililochimbwa kwa keekee, na huacha unga wa mbao sakafuni. Kwa mwenye nyumba, yeye ni mharibifu. Kwa mwenye shamba la karakara au biringanya, yeye ni mfanyakazi asiyedai ujira. Mara nyingi mwenye nyumba na mwenye shamba ni mtu mmoja, naye huenda akamuua asubuhi nyumbani yule yule ambaye jioni atamkosa shambani.

Makala haya yanaeleza nyuki seremala ni nani, wataalamu wanampangaje, na jinsi makazi yake yanavyoweza kuchorwa katika ramani. Jambo hili linagusa huduma za ugani, matumizi ya viuatilifu na mavuno ya kaya. Hakuna awezaye kukilinda kiumbe asichoweza kukitofautisha na kingine, wala hakuna awezaye kukipangia mahali bila kujua mahali kinapoishi.

Nyuki aishiye peke yake

Neno nyuki likitajwa, wengi hufikiria mzinga, asali na kundi kubwa lenye malkia. Ukweli ni kwamba duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi, na walio wengi kati yao hawana mzinga, hawana malkia wala hawaweki asali ya kurina. Kila jike hujenga kiota chake, hukusanya chakula chake na hutaga mayai yake. Hao ndio nyuki wapweke. Wengine huchimba ardhini, wengine hukata vipande vya majani, na wengine hutoboa mbao.

Nyuki seremala ni wa kundi hilo la mwisho. Jenasi yake inaitwa Xylocopa, jina lililotolewa na Mfaransa Latreille mwaka 1802 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkata mti. Jike hutafuna mbao kavu kwa taya zake, lakini haili. Anachokitaka ni handaki. Ndani yake huweka donge la chavua lililochanganywa na mbochi, hutaga yai moja juu yake, kisha hufunga chumba kwa ukuta wa unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa mate. Baada ya hapo huanza chumba cha pili, na cha tatu, hadi handaki lijae. Buu hula donge hilo, hugeuka bundo, na hatimaye hutoka akiwa nyuki kamili. Mara nyingi vijana hukaa kwa muda katika kiota cha mama yao kabla ya kwenda kujitegemea. Kwa hiyo upweke wake si wa kukata kabisa, bali ni wa kutokuwa na mgawanyo wa kazi kama ule wa mzinga.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maisha hayo. La kwanza, nyuki seremala hana akiba ya kundi kubwa la kulinda, hivyo si mkali. Dume hana mwiba kabisa, ingawa huwarukia wapitao ili kulinda eneo lake. Jike anao, lakini huutumia akishikwa au akibanwa. La pili, uzazi wake ni mdogo mno. Mayai yake ni makubwa sana kwa kipimo cha wadudu, nayo ni machache. Mzinga wa nyuki wa asali ukipoteza vibarua mia, malkia huwarudisha kwa muda mfupi. Jike mmoja wa nyuki seremala akifa kwa dawa, kiota chake chote kinabaki bila mlezi.

Ngazi za uainishaji

Kuainisha ni kupanga viumbe katika ngazi, kuanzia kundi pana hadi kundi dogo kabisa. Nyuki wote duniani wamegawanywa katika familia saba, na moja kati ya hizo hupatikana Australia peke yake. Nyuki seremala yumo katika familia ya Apidae, ile ile ya nyuki wa asali na nyuki wadogo wasiouma. Ndani ya familia hiyo kuna jenasi ya Xylocopa, na ndani ya jenasi kuna mamia ya spishi zilizosambaa katika nchi za joto.

Jina la spishi huandikwa kwa maneno mawili. Mfano mwema ni Xylocopa caffra, mmoja wa nyuki seremala wanaofahamika zaidi katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Katika vitabu jina lake kamili huandikwa Xylocopa caffra (Linnaeus, 1767). Mabano hayo yana maana. Yanaonyesha kwamba Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alipomweleza nyuki huyu mwaka 1767 alimweka katika jenasi nyingine, ile ya Apis, na kwamba wataalamu waliofuata walimhamisha. Jina la kwanza la mdudu linaweza kubadilika kadiri elimu inavyokua. Jina la pili, kwa kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, hushikiliwa kwa haki ya aliyetangulia.

Neno caffra lenyewe lina historia. Lilitokana na Caffraria, jina ambalo Wazungu waliipa sehemu ya kusini mwa Afrika, na chimbuko lake ni neno la Kiarabu lile lile lililokipa Kiswahili neno kafiri. Kwa kuwa baadaye neno hilo lilitumika kuwatukana watu weusi wa Afrika ya Kusini, mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Madrid mwaka 2024 uliamua kwamba majina ya mimea yenye caffra yaandikwe affra. Uamuzi huo haukuhusu wanyama. Wanyama wana kanuni zao, na nyuki huyu bado huandikwa kama zamani.

Ugumu mkubwa wa kuwaainisha nyuki seremala ni kwamba dume na jike hawafanani. Jike wa Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda miwili ya nywele, mmoja nyuma ya kifua na mwingine mwanzoni mwa tumbo. Mikanda hiyo yaweza kuwa ya njano au meupe. Dume wake amefunikwa mwili mzima kwa nywele za njano iliyoingia ukijani. Mtu akiwakuta kila mmoja mahali pake, ataapa kwamba ni viumbe viwili tofauti. Wataalamu wenyewe walianguka katika mtego huo: katika jenasi hii dume na jike wa spishi moja waliwahi kupewa majina mawili, na rangi mbili za spishi moja zikahesabiwa kuwa spishi mbili. Kazi ya mapitio ya majina, kama ile iliyochapishwa na Connal Eardley mwaka 1983 kwa nyuki seremala wa kusini mwa Afrika, ni kuvikusanya vielelezo vya makumbusho, kuvilinganisha na kuamua majina yapi ni ya nyuki mmoja.

Kwa kuwa rangi hudanganya, mtaalamu hutazama mambo yasiyobadilika upesi: umbo la uso, mishipa ya mabawa, miiba ya miguu, na kwa madume, viungo vya uzazi. Majike wengi wa Afrika wana pia kijifuko kidogo mwanzoni mwa tumbo ambamo huishi utitiri. Siku hizi hupimwa vilevile kipande kifupi cha vinasaba, chenye herufi zipatazo 650, ambacho hutofautiana kati ya spishi na spishi. Hata hivyo kipimo hicho hakiondoi haja ya kielelezo kilichohifadhiwa vizuri, kwa sababu vinasaba visivyo na jina la kulinganishia havimwambii mtu lolote.

Kumtambua shambani

Mkazi asiye na darubini anaweza kuanza kwa maswali machache. Je, mdudu ana mabawa manne au mawili? Nzi ana mawili tu. Nyuki ana manne. Je, mwili una nywele nyingi na kiuno kisicho chembamba kupita kiasi? Nyigu kwa kawaida ana kiuno kilichokazwa na mwili usio na manyoya mengi. Je, ni mkubwa wa kufikia sentimita mbili au zaidi, mwenye tumbo pana linalong'aa? Hapo uwezekano wa kuwa nyuki seremala ni mkubwa.

Baada ya hapo, majike wa spishi nne zinazojulikana katika ukanda huu hutofautishwa hivi:

Xylocopa caffra: mweusi, mwenye mikanda miwili ya njano au myeupe inayokaribiana pale kifua kinapokutana na tumbo. Sehemu ya mbele ya kifua hubaki nyeusi.

Xylocopa inconstans: hufanana na aliyetangulia, lakini kwa kawaida mgongo wote wa kifua umefunikwa kwa nywele za njano au nyeupe. Jina lake, lililotolewa na Mwingereza Smith mwaka 1874, maana yake ni asiyekaa katika hali moja.

Xylocopa flavorufa: mkubwa sana, kifua chenye nywele za rangi ya kutu, tumbo jeusi. Jina lake linaunganisha njano na nyekundu.

Xylocopa nigrita: mkubwa na mweusi, mwenye nywele nyeupe usoni na kwenye kingo za tumbo. Dume wake ni wa rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, asiyefanana na jike hata kidogo.

Utambuzi wa namna hii ni wa awali. Unatosha kwa daftari la kata, lakini hautoshi kwa kitabu cha sayansi. Penye shaka, ni heri kuandika "nyuki seremala, spishi haijathibitishwa" kuliko kuandika jina lisilo na hakika. Jina lililokosewa mara moja hunakiliwa mara nyingi, na kulifuta ni kazi ngumu kuliko kuliandika.

Kazi yake katika mashamba

Maua ya biringanya, nyanya na nyanya chungu yana tabia ya pekee. Vifuko vyake vya chavua havipasuki wazi. Vina vitundu vidogo nchani, mfano wa kichupa cha chumvi. Ili chavua itoke, ua lazima litikiswe kwa kasi. Nyuki seremala hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na chavua humwagika juu ya mwili wake. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Nyanya huweza kujichavusha kwa msaada wa upepo, lakini mtikiso wa nyuki huongeza wingi wa chavua inayofika mahali pake.

Ushahidi wa karibu ulipatikana Nguruman, katika eneo la Kajiado nchini Kenya, si mbali na mpaka wa Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walionyesha kwamba uchavushaji wa biringanya katika mashamba ya huko ulitegemea hasa nyuki wapweke wa aina mbili, mmoja wao akiwa Xylocopa caffra. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba nyuki hao hawakuishi kwa biringanya peke yake. Walihitaji maua ya porini na ya kandokando ya mashamba ili wapate chakula katika majira ambayo zao halikuwa na maua. Pori lililopakana na shamba lilikuwa ghala la wachavushaji.

Karakara ni mfano mwingine. Karakara ya njano kwa kawaida haizai kwa chavua ya mmea wake wenyewe. Inahitaji chavua iliyobebwa kutoka mmea mwingine usio ndugu wa karibu. Ua lake ni kubwa, na sehemu zake za uzazi zimeinuliwa juu. Nyuki wa asali, kwa udogo wake, huweza kupita chini na kuchukua chakula bila kugusa panapostahili. Nyuki seremala, akiingia kunywa mbochi, hupaka mgongo wake chavua na kuifikisha kwenye ua linalofuata. Ua hilo hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku. Likikosa mgeni mchana huo, hunyauka na kudondoka bila tunda. Wakulima wanaoona maua mengi na matunda machache hudhani kwamba udongo umechoka, wakaongeza mbolea. Kumbe huenda kilichopungua ni wachavushaji.

Kutoka kielelezo hadi ramani

Ramani ya mtawanyiko wa mdudu hujengwa kwa nukta. Kila nukta ni ushuhuda wenye mambo manne: ni nani aliyeonekana, wapi, lini, na nani aliyemwona au kumkamata. Likikosekana moja, ushuhuda hupungua thamani. Nyuki mzuri aliyehifadhiwa bila kibandiko cha mahali na tarehe ni pambo, si ushahidi.

Nukta za zamani zimo katika makumbusho. Vielelezo vingi vilivyokusanywa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani vimo Berlin. Vile vya msafara wa Yngve Sjöstedt, uliofanya kazi Kilimanjaro na Meru kati ya mwaka 1905 na 1906, vilipelekwa Sweden. Vibandiko hivyo huandika mahali kwa tahajia za wakati huo, kama vile Kilimandscharo, na pengine hutaja mlima mzima au wilaya nzima bila kutaja kijiji. Mchora ramani hulazimika kukadiria, na kueleza ukubwa wa makadirio yake. Nukta za leo huchukuliwa kwa simu yenye kipimo cha mahali, na nyingi hukusanywa katika hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe iitwayo GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama kwa intaneti.

Nukta zikikusanyika, wataalamu hupima mambo mawili. La kwanza ni upana wa eneo: huchorwa mstari unaozizunguka nukta zote za nje, na ardhi yote iliyomo ndani huhesabiwa. La pili ni eneo linalokaliwa hasa: ramani hugawanywa katika miraba, kwa kawaida yenye upande wa kilomita 2, na huhesabiwa ile tu ambayo ndani yake mdudu ameonekana. Kipimo cha kwanza huwa kikubwa kuliko cha pili, kwa kuwa ndani ya mstari mna maziwa, miji na mashamba ambamo nyuki huyo hayumo. Spishi inaweza kuwa na upana wa nchi nzima, na bado ikawa imekalia vipande vidogo vilivyotengana.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni hii: mahali pasipo na nukta si lazima pawe mahali pasipo na nyuki. Watafiti hupita penye barabara, hulala penye mji, na hurudi penye kituo cha utafiti. Kwa hiyo ramani nyingi za wadudu huonyesha njia za watu kuliko njia za wadudu. Kata ambayo haijawahi kutembelewa huonekana tupu, nayo ikionekana tupu hudhaniwa haina cha kulindwa.

Mfano wa ramani ya kata

Tuseme kuna kata yenye ukubwa wa kilomita za mraba 60. Ikigawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita 2, kila mraba una kilomita za mraba 4, na kata nzima ina miraba 15. Wakazi na afisa ugani wakazunguka kwa msimu mmoja. Katika miraba 6 nyuki seremala wakaonekana. Katika miraba 4 walitafutwa wasionekane. Miraba 5 haikufikiwa.

Ramani yenye rangi mbili tu, ya wapo na hawapo, ingesema kwamba nyuki wamo katika kilomita za mraba 24 na hawamo katika kilomita za mraba 36. Kauli hiyo si ya kweli. Ramani ya haki ina alama tatu: ameonekana, kilomita za mraba 24, ametafutwa hakuonekana, 16, hapajatafutwa, 20. Tofauti hii ina uzito wakati wa kuamua pori lipi lifyekwe, mti upi mkavu ukatwe kuni, au dawa inyunyizwe wapi. Mraba usiotafutwa haustahili kuamuliwa kana kwamba umekwisha kutafutwa.

Katika ile miraba 4 ambako hakuonekana, ni lazima pia kuandikwa jinsi alivyotafutwa: kwa saa ngapi, saa ngapi za siku, maua gani yalikuwa wazi, na hali ya hewa. Kutafuta kwa dakika kumi siku ya mvua si sawa na kutafuta asubuhi tatu za jua.

Ramani ya kata isisahau kwamba nyuki havuki mpaka kwa kibali. Katika pwani ya Kenya, watafiti walimfunga Xylocopa flavorufa vifaa vidogo vya redio ili kujua anavyobeba chavua kati ya kunde za shambani na kunde mwitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba umbali mkubwa kabisa uliopimwa ulikuwa kilomita 6. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 6 lina ukubwa wa kilomita za mraba 113 hivi, karibu mara mbili ya kata yetu ya mfano. Si kila nyuki huenda mbali hivyo kila siku. Hata hivyo yamkini kiota kilicho katika kijiji kimoja kikahudumia shamba la kijiji kingine, na dawa iliyopulizwa upande mmoja ikapunguza mavuno upande wa pili.

Hatua zinazowezekana katika kata

Kuhusu nyumba, kinga ni bora kuliko kuua. Nyuki seremala hupendelea mbao kavu, laini na isiyopakwa kitu. Mbao ngumu, au mbao iliyopakwa rangi au vanishi pande zote, humvutia kidogo. Tundu la zamani lizibwe baada ya nyuki kutoka, kwa kuwa kizazi kipya hupenda kurudia mahandaki yaliyopo. Wakati huohuo, gogo kavu au tawi lililokufa likiachwa kandokando ya shamba humpa nyuki mahali pengine pa kujenga. Mwenye kufyeka kila kikavu shambani asishangae mdudu akihamia darini.

Kuhusu dawa, viuatilifu visipulizwe juu ya maua yaliyo wazi wala wakati nyuki wanapofanya kazi. Maelekezo ya kibandiko yafuatwe, na dawa iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mkulima mwenye shaka amwone afisa kilimo wa kata kabla ya kununua, si baada ya kupuliza.

Kuhusu chakula, kingo za mashamba ziachiwe mimea yenye maua kwa majira mbalimbali. Biringanya huchanua kwa kipindi. Nyuki huhitaji kula mwaka mzima.

Kuhusu kumbukumbu, shule, vikundi vya wakulima na wafugaji nyuki wanaweza kuwa na daftari lenye safu saba: tarehe, saa, kijiji na kitongoji, vipimo vya mahali kutoka katika simu, rangi ya kifua na ya tumbo, ua au mbao aliyokutwa juu yake, na jina la mtazamaji. Picha mbili, moja ya mgongo na moja ya uso, huongeza thamani ya taarifa kuliko maelezo marefu. Hakuna haja ya kumuua nyuki ili kujaza daftari. Taarifa hizo zikifikishwa kwa afisa ugani, zitamwezesha kuona ni kitongoji gani kina wachavushaji na kipi kinahitaji kutazamwa upya.

Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani, iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Ni wakati unaofaa kuyafungua madaftari hayo mbele ya wanakijiji na kuhesabu miraba: mingapi ameonekana, mingapi ametafutwa akakosekana, na mingapi bado inangoja mtu wa kuifikia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupoteza jike mmoja wa nyuki seremala ni hasara kubwa kuliko kupoteza kibarua mmoja wa mzingani?

2. Mtoto ameona nyuki mkubwa wa njano tupu na mwingine mweusi mwenye mikanda miwili katika mti mmoja. Ni sababu gani ya kutoharakisha kusema kwamba hizo ni spishi mbili?

3. Kata ina miraba 20 yenye upande wa kilomita 2. Nyuki ameonekana katika miraba 7, ametafutwa bila kuonekana katika miraba 8. Ni kilomita za mraba ngapi ambazo bado hakuna awezaye kusema lolote juu yake?

4. Shamba la karakara lina maua mengi na matunda machache. Kabla ya kuongeza mbolea, mkulima achunguze nini, na saa ngapi za siku?

Jibu la swali la tatu ni kilomita za mraba 20. Majibu ya maswali mengine yamo katika maelezo yaliyotangulia, nayo yanafaa kujadiliwa katika mikutano ya vikundi na darasani.